Nta Iliyo Ndani ya Injini

Msomaji wetu mmoja wa kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, amenunua Toyota IST iliyotumika Japani. Ameiendesha kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Tabora, na gari limefika salama. Anataka limkalie miaka mingi, kwa hiyo kabla hajaanza kulitumia kila siku alilipeleka kwa fundi likaguliwe. Ushauri wa kwanza wa fundi ulikuwa kutoa themostati. Kifaa hicho, alimwambia, kimewekwa kwa ajili ya Wajapani wenye theluji yao. Huku kwetu kuna joto la kutosha, na kikiachwa, siku moja kitalichemsha gari. Msomaji anauliza kama ni kweli.

Si kweli. Mambo mengine ya kutunza gari dogo nitayapita haraka, kwa sababu fundi yeyote makini atayasema: oili ya injini imwagwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake, filta ya hewa ikaguliwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, oili ya giaboksi isisahauliwe, na usikubali kuuziwa mkanda wa taimingi, maana injini za IST, ile ya cc 1,300 na ile ya cc 1,500, zinatumia mnyororo. Themostati ndiyo inayohitaji kuelezwa, kwa kuwa inatolewa na watu wanaoitakia injini mema. Ni mojawapo ya vitu vizuri kuliko vyote chini ya boneti, na wenye magari wengi hawajawahi kuiona.

Ni kidude kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Katika injini hizi za Toyota kimekaa kwenye mdomo ambao maji yaliyopozwa na rejeta hupitia kuingia tena ndani ya injini. Injini ikiwa baridi, kimefunga: maji yanazunguka ndani ya injini peke yake bila kufika kwenye rejeta, na hivyo yanapata moto upesi. Yakifika nyuzi joto 82 hivi kinaanza kufunguka, na yakikaribia 95 kinakuwa wazi kabisa. Hakina waya, hakina betri, wala hakiulizi kompyuta ya gari. Kinachokiendesha ni nta.

Katikati ya themostati kuna kikombe cha shaba kilichojazwa nta iliyochanganywa na unga wa shaba. Unga huo upo kwa sababu nta hupitisha joto polepole sana, na shaba hulifikisha joto katikati ya kikombe kwa sekunde badala ya dakika. Ndani ya nta kumezamishwa kijiti cha chuma kilichovalishwa mpira. Nta ikiwa ngumu, kijiti kimetulia. Ikianza kuyeyuka inavimba, kwa zaidi ya asilimia 10 ya ujazo wake, na kwa kuwa kikombe hakina upenyo inaubana mpira kutoka pande zote na kukisukuma kijiti nje. Lakini ncha ya kijiti imeegemezwa kwenye fremu, haina pa kwenda. Basi kikombe chenyewe ndicho kinachorudi nyuma, na kikirudi kinavuta kizibo na kufungua njia ya maji. Injini ikipoa, nta inaganda na kunywea, na springi inakirudisha kizibo mahali pake.

Hapo kuna akili nyingi kuliko inavyoonekana. Karibu kila kitu hutanuka kikipata joto, ila hutanuka kidogo kidogo, nyuzi kwa nyuzi. Kifaa cha namna hiyo kingekuwa nusu wazi muda wote. Nta hufanya kazi yake kubwa katika hatua moja, pale inapotoka kwenye ugumu kuingia kwenye uowevu. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni iliyopangana kama kuni ndani ya mtita. Ikiyeyuka, minyororo inaachana na kuchukua nafasi kubwa zaidi kwa ghafla. Na urefu wa minyororo hiyo ndio unaoamua itayeyuka kwenye joto gani. Kiwanda huchanganya nta za urefu mbalimbali mpaka kipate mchanganyiko unaofungua kwenye nyuzi 82 au 88, kisha kinapiga chapa namba hiyo kwenye chuma. Aliyebuni kifaa hiki mwaka 1934 ni Sergius Vernet. Kabla yake themostati za magari zilikuwa na kijitungi kilichokunjwakunjwa chenye kimiminika kinachogeuka mvuke upesi, na kimiminika hicho kilipotoshwa na shinikizo la maji yaliyokizunguka. Nta haijali shinikizo. Inasikiliza joto tu.

Nimetafuta jina la Kiswahili linaloeleza kazi hiyo. "Kidhibiti joto" halinitoshelezi, kwa sababu linaifaa pia swichi ya pasi. Ningependa tukiite mlangonta. Lakini ukienda dukani Mpanda ukaomba mlangonta utarudi mikono mitupu, kwa hiyo hapa naendelea na themostati.

Watu wa Katavi hawana haja ya kwenda mbali kuelewa kwa nini kifaa hiki kina maana, kwa kuwa mkoa wao ni wa wafugaji wa nyuki, na asali ya Inyonga inajulikana nchi nzima. Ndani ya mzinga, sehemu yenye mayai na majana hukaa kwenye nyuzi 35 hivi, mchana na usiku, Juni na Oktoba. Nyuki wanaishikilia hali hiyo kwa kazi. Alfajiri ya baridi wanasongamana juu ya masega na kutetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na misuli hiyo inatoa joto. Kuni zao ni asali. Mchana jua likiwaka, wanageuza mkakati: baadhi wanajipanga kwenye mlango wa mzinga na kupepea kwa mabawa, wengine wanaleta maji na kuyatandaza kwenye masega yakauke na kuondoka na joto. Injini hufanya vivyo hivyo. Asubuhi inalilinda joto lake, mchana inalitoa kwa maji na feni. Sasa mtu mmoja mwenye nia njema aone mzinga una joto, atoboe tundu kubwa nyuma ili nyuki wapate hewa. Nyuki hawatafurahi. Watakesha wakitetemeka na kula asali waliyoiweka, majana yatachelewa kukua, mengine yatakufa, na wakati wa kurina mwenye mzinga atakuta masega mepesi ashangae nani ameiba. Hakuna aliyeiba. Asali imeteketezwa usiku kujaza joto lililotokea tundu la nyuma. Ukitoa themostati umetoboa mzinga, na asali inayoliwa ni petroli yako.

Kompyuta ya injini ina kihisio kinachosoma joto la maji. Kikisema maji bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya injini baridi. Bila themostati maji ya rejeta yanapita tangu dakika ya kwanza, na katika safari fupi kutoka Shanwe hadi sokoni asubuhi ya Julai injini inaweza isifikie joto lake kabisa. Gari nyingi ndogo za siku hizi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayosema injini ni baridi na taa nyekundu inayosema imezidi. Ukiona ya bluu inakawia mno kuzimika, kuna uwezekano mkubwa themostati ilikwisha tolewa, au imekwama ikiwa wazi.

Petroli ya ziada ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya maji. Kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo kwenye petroli hushikana na oksijeni ya hewani. Sehemu kubwa hutoka kwenye ekzosi kama mvuke, lakini kiasi hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Injini yenye joto linalostahili huyakausha maji hayo na kuyatoa. Injini isiyopata moto huyabakiza. Yanachanganyika na masalia ya moshi, yanakuwa asidi, oili inageuka uji mzito wa kahawia, na njia nyembamba za kupeleka oili juu zinaziba. Petroli isiyoungua nayo inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinasaga chuma kwa chuma. Mwenye gari atakuja kuambiwa baada ya miaka michache kwamba injini "imekula oili". Huo ndio umri unaofupishwa siku ile kifaa kinapotupwa.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina vizibo viwili. Kimoja kikifungua njia ya rejeta, kingine kinafunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Sehemu ya maji moto haipiti tena kwenye rejeta hata mlimani, na gari linaweza kuchemsha kwa sababu ya dawa ileile iliyotolewa lisichemshe.

Mbona basi fundi anaiogopa? Kwa sababu amekwisha kuona iliyokwama ikiwa imefungwa, na hapo injini huchemsha kwa dakika chache, hedi ya aluminiamu inapinda na gasketi inaungua. Woga wake una msingi. Mara nyingi, hata hivyo, kinachoikwamisha ni kutu na chokaa, na hivyo huletwa na maji ya kisima au ya bomba yanayomiminwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta ya rangi nyekundu au ya waridi yaliyokuja na gari, inazuia maji yasigande kwenye theluji, ndiyo, lakini pia ina dawa za kulinda aluminiamu, shaba na mpira, na huinua kiwango cha kuchemka. Hiyo kazi ya pili inaihusu Mpanda kama inavyoihusu Sapporo kule Japani. Ikipungua, ongeza ya aina ileile. Ikibidi kuichanganya mwenyewe, tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuwekea betri.

Na mfuniko wa rejeta. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya chai huko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipanda Ufipa hadi Sumbawanga, yanachemka kwenye 94 au pungufu. Injini inayofanya kazi karibu na nyuzi 90 ingekuwa inaishi ukingoni mwa kuchemka, kama si mfuniko huo kuyafungia maji ndani kwa shinikizo. Namba 1.1 iliyoandikwa juu yake ni kilo kwa kila sentimita mraba, na kwa shinikizo hilo maji ya Mpanda hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mfuniko wenye mpira uliochakaa, au wa kubahatisha kutoka gari jingine, unakunyima nyuzi zaidi ya 20 za usalama, na ni kitu cha bei ndogo sana. Usiufungue injini ikiwa ya moto: maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanafoka na mvuke papo hapo na kuunguza uso.

Na kama gari linachemsha kwa sababu rejeta yake imeziba au pampu yake imechoka, huo ni ugonjwa mwingine: litibiwe huko, themostati iachwe.

Themostati ya zamani inaweza kupimwa jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka moto. Yenye chapa ya 82 lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe wazi kabisa au karibu na hapo. Itoe, na ndani ya dakika chache inapaswa kufunga yenyewe. Isiyofunguka, au isiyofunga, haifai. Nunua nyingine yenye namba ileile pamoja na mpira wake mpya, na fundi akishaifunga atoe hewa yote kwenye mfumo kabla hujaondoka.

Kwa msomaji wa Shanwe na kwa yeyote anayenunua gari lililotumika: mwambie fundi aiache. Kama gari lilipita kwanza kwa mmiliki mwingine hapa nchini, muulize waziwazi kama themostati ipo, na kama haipo irudishwe kabla ya matengenezo mengine yoyote. Nanyi mnaofundisha ufundi wa magari katika vyuo vya VETA, wapeni wanafunzi themostati moja, sufuria moja na jiko, waione nta ikifanya kazi kwa macho yao. Aliyewahi kuiona ikifunguka hatakuwa mwepesi wa kuitupa.