Fremu 24 ndani ya Mapigo 60

Kompyuta iliyounganishwa na projekta sebuleni huweza kutoa picha kali, yenye rangi nzuri, na bado filamu ikawa inachechemea. Kasoro hiyo hujitokeza hasa kamera inapogeuka polepole kuufuata mtaa: nguzo za umeme, badala ya kuteleza, husogea kwa kushtukashtuka, hatua ndefu, hatua fupi. Wengi hulaumu projekta. Chanzo, mara nyingi, ni hesabu.

Filamu za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka tangu sinema zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Kompyuta nayo, isipoelekezwa vingine, huichorea projekta picha mara 60 kwa sekunde. Michoro hiyo yafaa kuitwa mapigo, kwa kuwa huja kwa mwendo mmoja na haimsubiri mtu. Ukigawa 60 kwa 24 unapata mbili na nusu, na nusu pigo haipo. Kwa hiyo fremu ya kwanza hukaa mapigo mawili, ya pili matatu, ya tatu mawili tena. Moja hudumu milisekunde 33, inayofuata 50, ilhali kila moja ilistahili kukaa karibu 42.

Ndivyo inavyokuwa kwa vibarua wanaopandisha zege ghorofani kwa karai. Wamejipanga kwenye ngazi, karai linapita mkono kwa mkono. Wa chini anachota kwa mwendo wake, wa juu anageuka kupokea kwa mwendo wake. Wa juu akigeuka mara mbili kamili kwa kila karai, kazi inatiririka. Akigeuka mara mbili na nusu, karai moja linangoja kidogo, jingine linangoja zaidi. Makarai yanayofika juu ni yale yale, hakuna zege lililomwagika, ila mstari mzima unayumba. Jicho huona kuyumba huko hata pale mtazamaji asipoweza kusema kinachomkera.

Kuiweka projekta kwenye mapigo 24 huponya sehemu kubwa, lakini pana ujanja mwingine uliofichika. Marekani ilipopitisha televisheni ya rangi mwaka 1953, mapigo 60 yaligawanywa kwa 1.001 ili mawimbi ya rangi yasigombane na ya sauti. Filamu zikavutwa nyuma vivyo hivyo, na nyingi zilizomo kwenye diski za Blu-ray huenda kwa 23.976. Projekta ikiwa kwenye 24 kamili, kibarua wa juu anakuwa mwepesi kwa chembe tu. Kila baada ya sekunde 42 hivi hunyoosha mikono akakuta patupu. Fremu iliyopita hurudiwa, picha inagutuka mara moja, kisha safari inaendelea. Kugutuka huko huweza kuhesabiwa kwa saa ya mkononi, na hiyo ndiyo raha ya jambo lenyewe.

Katika Kodi, programu ya kuchezea video, upo mpangilio wa kubadilisha mapigo ya skrini kufuata video inapoanza. Ukiwashwa, kompyuta hujichagulia 23.976, ambayo mahali pengine huandikwa 23 tu. Vipindi vya televisheni za Afrika Mashariki, zilizorithi mfumo wa PAL wenye fremu 25, hutulia kwenye mapigo 50. Sauti nayo ina saa yake, ndani ya kadi ya sauti, isiyolingana kabisa na saa ya picha. Programu ya mpv inaweza kuagizwa kufuata mapigo ya skrini na kuinyoosha sauti kwa kiasi kidogo mno kisichosikika.

Mengine ni mepesi. Video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe hadi 235, kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Pande mbili zisipokubaliana, usiku wa filamu hugeuka kijivu au vivuli humezwa vyote. Projekta yenye pikseli 1920 kwa 1080 ipelekewe ukubwa huo huo. Na picha iliyopinda inyooshwe kwa kuisogeza projekta ielekee ukuta sawasawa, kwani menyu ya kunyoosha hulazimisha kila pikseli kukadiriwa upya, na herufi ndogo za tafsiri chini ya picha ndizo za kwanza kufifia.