Utangulizi: Feni Ndogo Mgongoni mwa Taa ya Mimea

Taaluma unayoingia hapa ni ya kuondoa joto ndani ya vifaa vya umeme. Mtaani haina jina, lakini fundi yeyote aliyefungua kompyuta inayozimika yenyewe, akakuta feni imesongwa na vumbi, ameshafika mlangoni pake. Nimechagua tuingie kwa kifaa kimoja: taa ya LED ya kuoteshea mimea, iliyoundwa nyumbani kwa vipande vya kununua na vya kuokoteza. Na katika taa hiyo nimechagua swali moja: feni zinazoipoza zipate umeme wapi? Wengi hulijibu mwisho, taa ikiwa imeshafungwa, kwa waya wowote uliobaki. Mimi naliweka mbele, kwa sababu katika joto la pwani jibu lake ndilo linaloamua kama taa itadumu miaka au miezi.

Mtu wa Kiembeni ana haki ya kuuliza: kwa jua hili la Mombasa, taa ya mimea ya nini? Jua lipo, ila halimfikii kila mtu. Upande huu wa bara kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali kuelekea Bamburi, nyumba za ghorofa zimebanana hata dirisha la mpangaji wa chini linatazama ukuta wa jirani. Mche wa nyanya uliowekwa hapo hurefuka, hupauka, kisha hulala. Ukiupandisha juu ya paa, jua la Februari na Machi huukausha mche mchanga kwenye kikopo chake kabla ya alasiri. Tena Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Mwanafunzi anayetaka kuona letasi inavyoitikia mchana wa saa 16 hana njia ila taa. Na kwa mwalimu wa sayansi, sioni kifaa kingine cha bei hii kinachokusanya fizikia, biolojia na ufundi wa umeme katika sanduku moja.

Historia yenyewe ni fupi. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Wisconsin, kwa ufadhili wa NASA iliyokuwa ikifikiria kulima angani, walianza kuotesha letasi chini ya LED nyekundu. Iliyokosekana ni buluu yenye nguvu, nayo ikapatikana Japani: Shuji Nakamura aliitangaza mwaka 1993, na mwaka 2014 yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Klorofili hufyonza zaidi nyekundu na buluu, kwa hiyo rangi hizo mbili zilipokutana, taa ya mimea ikawa jambo linalowezekana hata kwa mtu wa kawaida.

Sasa joto. Balbu ya zamani ilitupa joto lake mbele, pamoja na nuru. Ukiweka mkono chini yake unaungua. LED haifanyi hivyo. Joto lake hutoka kwa nyuma, kupitia bati iliyoshikilia chipu, na lisipopata njia linabaki palepale kwenye chipu. Chukua chipu moja ya wati 50, ya volti 36 na mkondo wa ampea 1.4 hivi. Tuseme wati 20 zinageuka nuru. Zilizobaki 30 ni joto. Ifunge kwenye kipoza joto, yaani hitisinki, cha aluminiamu cha ukubwa wa kiganja, ile ya kompyuta kuukuu, kwa grisi yake. Bila feni, hitisinki kama hiyo inaweza kupanda nyuzi 2.5 kwa kila wati ya joto: nyuzi 75 juu ya hewa ya chumbani. Feni ikipuliza, kiwango kinashuka hadi karibu nyuzi 0.6 kwa wati, yaani nyuzi 18 tu.

Hesabu hiyo ifanyie Limuru, ambako chumba kina nyuzi 20: bila feni 95, na feni 38. Kisha ifanyie Kiembeni mwezi wa Machi, chumba kikiwa nyuzi 33: bila feni 108, na feni 51. Na hiyo ni hitisinki. Chipu yenyewe ina joto zaidi. Ndiyo maana michoro iliyobuniwa na watu wa nchi za baridi haifai kunakiliwa huku bila kupigiwa hesabu upya. Kule feni ni ya kuongeza umri wa taa. Hapa ni kiungo cha taa, sawa na chipu.

Feni tunazozungumzia ni zile za kompyuta, za milimita 80 au 120, volti 12. Soma karatasi iliyobandikwa kitovuni: imeandikwa volti na ampea, mara nyingi kati ya 0.1 na 0.3. Waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Wa njano, ukiwepo, hutoa taarifa ya mwendo na unaweza kuachwa, mradi ncha yake ifunikwe. Tatizo ni hili: taa ina volti 36, feni inataka 12, na umeme wa ukutani ni volti 240.

Mafundi chipukizi hukimbilia kwanza kipingamizi, yaani rezista, kiwekwe njiani ili kimeze volti 24 zinazozidi. Kwa feni ya ampea 0.2 hiyo ni karibu wati 5 za joto, mara mbili ya umeme unaotumiwa na feni yenyewe, na joto hilo liko ndani ya sanduku lilelile unalotaka kulipoza. Wengine hufunga feni tatu kwa mfululizo, 12 mara tatu ni 36, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini feni hizi hazivuti mkondo kwa utulivu wala hazilingani. Moja hupata volti 15, nyingine 9, na moja ikikwama zote tatu huyumba.

Njia ya heshima zaidi ni moduli ndogo ya kushusha volti, kama ile ya LM2596, inayochukua umeme kutoka kwenye ncha za chipu. Inapoteza kidogo sana, na feni moja itapunguza nuru kwa kama asilimia 5, hasara isiyoonekana kwa jicho. Hatari yake imejificha kwenye draiva, yaani kifaa kinachoilisha chipu kutoka kwenye umeme wa ukutani. Draiva ya LED hailindi volti, inalinda mkondo. Chipu ikikatika, draiva huendelea kutafuta mahali pa kusukuma mkondo wake na volti hupanda hadi mwisho wa uwezo wake, pengine 50 au 60. Moduli ya LM2596 kwa kawaida huishia 40. Hivyo kufa kwa chipu kunaua moduli, na moduli inaweza kuondoka na feni. Zaidi ya hapo, draiva nyingi za bei rahisi hazijatengwa na umeme wa ukutani, na anayegusa waya wa feni iliyounganishwa humo anagusa volti 240.

Kwa hiyo mimi natetea adapta ya pembeni: ile ya volti 12 iliyobaki ruta ilipokufa au kamera ilipobadilishwa. Ya ampea 1 inatosha feni tatu za ampea 0.2 na bado ina nafasi ya kupumua, maana feni huvuta zaidi inapoanza kuzunguka. Adapta nzuri imetengwa na ukuta, haijui lolote kuhusu chipu, na ikiharibika unaibadilisha bila kugusa taa. Mwenye sola anaweza kuzipa feni umeme wa betri moja kwa moja, ila akumbuke kwamba betri ya volti 12 inapochajiwa hufika 14.4, na feni nyingi zimeandikiwa mwisho 13.8.

Adapta ya pembeni ina udhaifu mmoja, nao ni mkubwa: inaweza kufa huku taa ikiendelea kuwaka. Dawa yake ni swichi ya joto, kidude cha duara chenye masikio mawili ya kufungia skrubu, kinachokata umeme kikifikia nyuzi zilizoandikwa ubavuni. Kwa mfano wetu wa nyuzi 51, chagua ya 65 au 70. Ifunge kwenye hitisinki yenyewe, karibu na chipu, na uipitishe kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye draiva, si kwenye feni. Taa ikikatwa, feni iendelee. Zipo swichi zinazojirudisha zenyewe na zipo za kubonyeza. Chukua ya kubonyeza, kwa sababu taa inayozima na kuwaka usiku kucha huficha ugonjwa wake.

Pwani inaongeza mambo yake. Hewa ya chumvi hula lehemu na pini. Mafundi hupaka rangi ya kucha kwenye viungo, nami nimeona viungo hivyo vikibaki safi wakati vya jirani vimegeuka kijani. Feni yenye beringi za gololi huvumilia zaidi kulazwa chali kuliko ile ya bomba na mafuta, na kwenye taa ya mimea feni karibu kila mara hulala. Stima ikipotea na kurudi, draiva na adapta ziamke pamoja, kwa hiyo zipite swichi moja ya ukutani. Hitisinki iunganishwe na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, na sehemu ya volti 240 ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Hilo la mwisho silegezi kwa mwanafunzi yeyote.

Sura zinazofuata zinataka multimita, bisibisi na subira. Lakini jaribio moja lifanye hata kama hutasoma zaidi ya hapa: kabla ya kuiacha taa yako iwake usiku wa kwanza, simama mbele yake mchana, chomoa adapta ya feni kwa makusudi, usubiri. Taa isipojizima yenyewe, haijakamilika; usiiwashe chumba kikiwa hakina mtu.