Samaki Wapya, Maji ya Mgao

Watie samaki 12 wapya wa kundi kwenye tangi la lita 300, na saa ya kwanza watajibana kona moja, ubavu kwa ubavu, wakigeuka pamoja kila mtu anapokatiza sebuleni. Wengi wetu hufurahia sura hiyo, tukadhani kundi limeshapata makao. Kumbe wameogopa. Samaki wa kundi hukazana wanapohisi hatari. Wakishatulia huachana, kila mmoja akadonoa lake huku akiwaona wenzake. Kazi ya mfugaji katika siku za mwanzo, basi, ni kuliwezesha kundi kulegea, na katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kinacholizuia mara nyingi ni maji.

Kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Embakasi, ploti moja inaweza kutumia maji ya aina tatu kwa wiki moja. Kuna ya mfereji kutoka kampuni ya maji ya jiji, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Hayo ni maji ya mito ya milima ya Aberdare: yana madini kidogo, lakini yametiwa klorini. Zamu ya mgao ikipita kavu, keateka hufungulia maji ya kisima kirefu, yale ambayo wapangaji huyaita ya chumvi. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi huwa na bikaboneti na floridi nyingi, na pH yake yaweza kupita 8. Halafu kuna ya lori na ya mitungi ya mkokoteni, ambayo asili yake aijuaye ni muuzaji. Binadamu huoga yote matatu bila shida. Samaki huishi ndani yake, akiyapitisha kwenye matamvua usiku na mchana.

Sasa tazama juala ulilobeba kwenye matatu. Samaki ndani yake anatoa kabonidioksaidi na amonia. Juala likiwa limefungwa, kabonidioksaidi hujikusanya na kushusha pH, na pH ikiwa chini, karibu amonia yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina makali. Ukifungua, kabonidioksaidi hutoroka, pH hupanda, na amoniamu hugeuka kuwa amonia yenye sumu. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Ndiyo maana samaki aliyevumilia safari nzima anaweza kufa nusu saa baada ya juala kufunguliwa, hasa akiongezewa maji ya kisima kidogo kidogo huku akiogelea katika uchafu wake mwenyewe.

Kwa hiyo urefu wa safari ndio unaoamua njia ya kuwahamisha. Kama umewanunua mjini ukachelewa saa moja kwenye foleni ya Jogoo Road, amonia bado ni kidogo. Elesha juala likiwa limefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha lifungue, mwaga nusu ya maji, na uongeze kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika tano kwa muda wa nusu saa. Lakini kama wamesafiri usiku kucha kwa basi, usiwakawishe ndani ya juala lililofunguliwa. Joto likishalingana, fungua na uwatoe kwa wavu papo hapo. Hawa waandalie mapema maji yanayokaribiana na ya muuzaji, na umuulize kabla ya kulipa kama anatumia mfereji au kisima. Kwa vyovyote vile, maji ya juala yasiingie kwenye tangi lako.

Wanakoshukia nako kuwe tayari. Tangi jipya linalong'aa halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye chujio, na baridi huwachelewesha zaidi. Njia ya mkato iliyo salama ni kuomba kipande cha sponji iliyotumika kutoka tangi la rafiki ambaye samaki wake ni wazima. Usiioshe kwa maji ya mfereji, kwa kuwa klorini itaua ulichokiomba.

Kimo cha Nairobi nacho kina neno. Kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa yenye joto lile lile. Pampu ya hewa kwa hiyo ni ya lazima, na kando yake iwepo ya betri, maana stima ikipotea saa kadhaa, samaki hukosa hewa na bakteria wa chujio huanza kufa.

Halafu kuna baridi ya Juni hadi Agosti. Neon tetra, mwenyeji wa Amazon, anapenda maji yenye madini machache na joto la nyuzi 23 hivi au zaidi, kwa hiyo atataka hita na maji ya mfereji. Zebra danio wa India na rosy barb huvumilia nyuzi 18 na mabadiliko ya pH. Ploti inayotegemea kisima iwafikirie hao kwanza.

Nunua kundi zima la aina moja kwa pamoja, wasipungue sita, na kwenye tangi kubwa kumi au zaidi, kwa kuwa watatu peke yao hukaa na hofu siku zote. Ukiweza, watenge wiki mbili hadi nne kwenye tangi dogo, ukiangalia vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi. Ugonjwa huo hupenda samaki aliyechoshwa na safari na baridi. Siku ya kuwahamisha zima taa, usiwalishe hadi kesho yake, na usigonge kioo.

Katika mwezi wa kwanza, weka akiba ya maji kwenye pipa na uyaondolee klorini. Chanzo kikibadilika kutoka mfereji hadi kisima, badilisha sehemu moja ya kumi tu kwa wakati mmoja. Kundi likijibana tena konani, pima maji kabla ya kukimbilia dawa.