Fizikia na Vyuo Vyetu Vidogo

Katika mji wa Tabora maji hayangoji kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Huchemka yafikapo kama nyuzi 96, kwa kuwa mji huo umeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoukandamiza uso wa maji huko ni pungufu kuliko ile ya Bagamoyo. Hili si jambo la siri. Kila mama aliyehamia nyanda za juu kutoka Pwani anajua kuwa maharage ya huko huchelewa kuiva. Lakini mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne maji huchemka kwa nyuzi ngapi, naye atajibu 100 bila ya kusita, hata kama kipimajoto kiko mbele ya macho yake na kinamwambia vingine.

Basi swali letu la leo ni juu ya yule atakayemfundisha mwanafunzi huyo. Je, atatoka chuo gani, na huko atakakotoka atakuwa amejifunza fizikia ya namna gani?

Kuna shauri linalosikika kila mara yazungumzwapo mambo ya elimu ya juu. Husemwa kwamba fizikia ni somo la gharama, lataka mitambo mikubwa na wataalamu wengi, kwa hiyo liachiwe vyuo vikubwa. Vyuo vidogo vya mikoani vitosheke na masomo yasiyohitaji zaidi ya chaki na vitabu. Wasemao hivyo hawana nia mbaya. Hata hivyo sisi hatukubaliani nao, na tungependa kueleza kwa nini.

Kwanza, upimaji wa kisayansi haukuingia Tabora pamoja na mitambo mikubwa. Burton na Speke walitoka Pwani Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba, kwa njia ile ile ya misafara iendayo Ujiji. Mwaka uliofuata Speke alitoka hapo Kaze akaelekea kaskazini hadi Ziwa Nyanza, na huko alikisia kimo cha nchi kwa kutia kipimajoto katika maji yanayochemka. Ni jaribio ambalo mwanafunzi yeyote wa Tabora aweza kulifanya leo kwa sufuria na jiko la mkaa. Tena wale waliomchukulia mizigo njiani hawakuwa wajinga wa mambo haya. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzegazega alijua kuwa fungu lililo zito halina budi kusogezwa karibu na bega, na lile jepesi lipelekwe mbali. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo, ambayo kijana wetu huikariri kwa Kiingereza asijue kuwa babu yake aliibeba kutoka Unyanyembe hadi baharini.

Pili, upo mfano wa nchini mwetu ambao dunia nzima ya fizikia inaujua kuliko tunavyoujua wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Magamba, alitia maziwa yangali moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yamegandika mapema kuliko ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha maelezo yao pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya sababu yake, na wengine wanabisha hata kama jambo lenyewe hutokea sawasawa na lilivyoelezwa. Ubishi huo hautupunguzii kitu. Twataka msomaji aangalie jambo moja tu, nalo ni kwamba palihitajika mwalimu mmoja aliyekuwa tayari kwenda kupima kabla ya kujibu.

Shule ile ya Mkwawa iligeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana aliyemaliza kidato cha sita pale Tabora Boys au Milambo, akitaka shahada ya sayansi na ualimu, aweza kupanda gari akashika takriban njia ya misafara kurudi mashariki hadi Dodoma, kisha akakata kusini kwenda Iringa. Huko atakaa miaka mitatu. Atasoma mekanika, joto, mawimbi na nuru, umeme na sumaku, kisha fizikia ya atomu. Na pamoja na hayo atasoma namna ya kufundisha. Ni kazi nzito. Hesabu za mwaka wa kwanza huwatisha wengi, na lugha huongeza uzito juu ya uzito. Kwa mfano, katika mazungumzo yetu ya kila siku uzito wa gunia ni kilo 100, lakini katika fizikia kilo ni kipimo cha tungamo, na uzito ni kani ambayo dunia hulivutia gunia hilo chini. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ni wangapi katika walimu wetu wamepata kuifungua?

Hapa ndipo chuo kidogo kina nafasi yake. Katika ukumbi wa watu mia tatu, swali kama la Mpemba haliulizwi, likiulizwa halisikiki. Katika darasa la watu kumi na watano, mhadhiri anamjua kila mmoja kwa jina, anajua nani ameshika waya kwa mkono wake na nani amenakili matokeo ya jirani. Hatusemi kuwa udogo peke yake ni sifa. Chuo kidogo chaweza kuwa na mhadhiri mmoja anayebebeshwa umeme, joto na atomu pamoja, na kifaa kikiharibika kikakaa kabatini mwaka mzima kwa kukosa fundi. Chuo cha namna hiyo hutoa shahada, lakini hakitoi mwalimu wa fizikia.

Wala mwanzo mdogo haukutuzuia zamani. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo ambalo chama cha TANU kilikiazima, lililoko Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Sayansi ilipata kitivo chake mwaka 1965. Laiti wazee wetu wangengoja mpaka majengo ya Mlimani yakamilike, tungechelewa sana. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyesoma Tabora tangu 1937, alirudi huko mwaka 1946 kufundisha katika shule ya St. Mary's, ambayo sasa ni Milambo; mojawapo ya masomo aliyofundisha lilikuwa baiolojia. Twalitaja hili kwa ajili ya wazazi wanaodhani kwamba sayansi na mambo ya nchi havikai katika kichwa kimoja.

Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ilivutwa kwa mvuke. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kuifikisha reli hiyo mpya Tabora ulitiwa saini mwaka 2021. Wataalamu wa mitambo hiyo watatoka katika madarasa ya Urambo, Kaliua na Sikonge pia, iwapo huko kutakuwa na mwalimu aliyewahi kupima mkondo wa umeme kwa mkono wake.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili kwa wanaohusika. Kila chuo kidogo kinachofundisha fizikia kiwe na fundi wa maabara mwenye ajira ya kudumu, na akiba ya fedha ya kununulia waya, balbu na vipimajoto, iliyotengwa mbali na fedha za semina. Pili, mabaraza ya vyuo yatangaze kila mwaka ni saa ngapi kila mwanafunzi amekaa maabara akitumia vyombo mwenyewe. Hesabu ya waliohitimu tunaisikia kila mahafali. Hiyo nyingine hatujaizoea kuisikia.