Sauti Moja Kati ya 57

Elijah Harper alipozaliwa mwaka 1949 huko Red Sucker Lake, kaskazini mwa jimbo la Manitoba nchini Kanada, watu wake hawakuruhusiwa kupiga kura. Wenyeji asilia waliofungwa na mikataba ya serikali waliipata haki hiyo katika chaguzi za jimbo mwaka 1952. Katika chaguzi za taifa walisubiri hadi 1960. Miaka 21 baadaye, mwaka 1981, Harper, aliyekwisha kuwa chifu wa jamii yake, aliingia Bunge la Manitoba kwa tiketi ya chama cha New Democratic, wa kwanza kutoka kwa wenyeji hao.

Eneo bunge lake, Rupertsland, lilikuwa kubwa na lenye watu wachache. Vijiji vingi havikuwa na barabara ya kudumu: mgombea alivifikia kwa ndege ndogo, au kwa njia inayopita juu ya maziwa yakishaganda. Wapiga kura wake walimrudisha mwaka 1986, akapewa uwaziri, na tena 1988, chama chake kilipoangukia nafasi ya tatu kwa viti 12 kati ya 57. Kwa hesabu ya kawaida, mbunge wa namna hiyo hana uzito.

Kanuni za bunge zilimpa uzito huo. Mwaka 1987 Waziri Mkuu Brian Mulroney na viongozi wa majimbo yote 10 walikubaliana huko Meech Lake kubadili katiba na kuitambua Quebec kuwa jamii ya kipekee. Wenyeji asilia hawakuitwa mezani. Mabunge ya majimbo yote yalitakiwa kuridhia kabla ya Juni 23, 1990, na Manitoba ilichelewa mno. Ili hoja ijadiliwe bila taarifa ya siku zilizowekwa, wabunge wote walipaswa kukubali kwa kauli moja. Kuanzia Juni 12, kila Spika alipouliza kama wote wameafiki, Harper, akishika unyoya wa tai, alijibu hapana. Muda ukaisha bila kura kupigwa, na mkataba ukafa.

Walioudhika walisema mtu mmoja ameipinga nchi nzima. Ukweli ni kwamba hakuvunja kanuni yoyote. Waliomlazimisha kusimama pale ni wale waliodhani katiba inaweza kuandikwa upya bila wenye ardhi wa kwanza. Septemba mwaka huohuo Rupertsland ilimchagua tena, na katika mazungumzo ya katiba yaliyofuata, ya 1992, viongozi wa wenyeji asilia walikaa mezani.

Mwaka 1993 Harper alichaguliwa katika bunge la taifa kupitia chama cha Liberal, eneo la Churchill. Kule Ottawa alikuwa mmoja kati ya wabunge 295. Mwaka 1997 wapiga kura wa Churchill walikirudisha kiti hicho kwa New Democratic, chama alichokihama.