Fahamu: Zahanati rafiki kwa vijana ni ipi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linawahesabu vijana balehe kuwa wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Wengi wao huikwepa zahanati ya mtaani kwao, na shida huanzia dirishani. "Unasumbuliwa na nini?" Swali linaulizwa kwa sauti, benchi zima linasikia, na kwenye benchi amekaa jirani wa mama yake. Binti aliyekuja kuulizia uzazi wa mpango hujibu, "Kichwa," akapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani.

Huduma rafiki haidai jengo jipya. Inadai chumba chenye mlango unaofungwa, saa za jioni baada ya masomo, na mhudumu anayesikiliza bila kumhukumu mtu. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Sheria nayo imesogea: tangu 2019, Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi.

Kijana, kutunziwa siri ni haki yako. Ukikosa faragha, omba kuonana na mganga mfawidhi.