Mtani akikaribia kushuka daraja, mtoto wako anajifunza nini kijiweni?

Ukiwa Mishamo, mechi za Ligi Kuu unazifuata kwenye redio, kwenye simu au kwenye kibanda umiza. Viwanja viko mbali. Mwaka 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, Simba ikaifunga Namungo mabao 2-1. Mwaka uliofuata fainali ikapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, na Simba ikaifunga Yanga bao 1-0. Hapo mpira mkubwa ulikuwa umesogea karibu, lakini kwa mtu wa Mishamo ilibaki kuwa safari ya basi, nauli na mahali pa kulala.

Umbali huo haujapunguza ubishi hata kidogo. Kwenye kahawa, kwenye drafti, kwenye kijiwe cha bodaboda, watu wanajua nani kaumia goti na nani kagombana na kocha. Na msimu unapokaribia mwisho, ubishi huondoka kileleni mwa msimamo na kuhamia mkiani. Swali linakuwa moja: nani anashuka?

Hapo ndipo mzazi anapaswa kutega sikio, kwa sababu pembeni ya benchi la kijiweni karibu kila siku kuna mtoto aliyetumwa sukari na hajarudi nyumbani.

Hesabu za mkiani

Ligi Kuu ina timu 16. Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na zinazoshika nafasi ya 13 na 14 zinacheza mechi za mtoano kujinusuru. Kwa hiyo hata timu isiyowania kombe inaweza kuwanyima watu usingizi hadi siku ya mwisho.

Mifano ni mingi. Mwaka 2016 Tanga ilipoteza timu zake zote tatu kwa mpigo: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Mwaka 2024 ilishuka Mtibwa Sugar ya Morogoro, mabingwa wa Tanzania wa 1999 na 2000. Mwaka 2025 ikafuata Kagera Sugar, pamoja na KenGold ya Chunya.

Lakini ubishi mtamu kuliko wote ni wa zamani, nao unawahusu watani wa jadi. Mwaka 1988 Simba ilikuwa pabaya kiasi cha kuhitaji ushindi ili isishuke, na mpinzani aliyekuwa mbele yake alikuwa Yanga. Simba ikashinda 2-1, ikabaki. Tangu hapo mashabiki wa Jangwani wamegawanyika. Wapo wanaosema Yanga ilikosa nafasi ya kumzika mtani. Wapo wanaosema ilikuwa bora hivyo, maana Simba ikishuka, Yanga itamcheka nani? Na wa Msimbazi nao hujibu kwamba hakuna aliyewahurumia, walishinda kwa miguu yao.

Ubishi huo unarudi kila mwaka kwa sura mpya. Timu ya mkiani inapokutana na mkubwa aliyekwishatwaa ubingwa, mmoja ataapa kwamba pointi zimeachiwa, mwingine atasema wachezaji wamechoka tu. Mzee ataulizwa, kijana atapinga, kahawa itapoa. Ni burudani isiyo na gharama, na kwa mtu aliyeshinda shambani tangu alfajiri ni dawa ya uchovu.

Kwa nini kuanguka kwa mwenzio ni kutamu

Wataalamu wa saikolojia wameliangalia jambo hili. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima mashabiki wa soka wa nchi hiyo kuhusu kushindwa kwa wapinzani wao wakubwa, Ujerumani. Furaha ya kuona mpinzani akianguka ilikuwa kubwa zaidi pale shabiki alipokumbushwa udhaifu wa upande wake mwenyewe. Kwa lugha ya kijiweni, anayecheka sana kushuka kwa mtani mara nyingi naye kwake si shwari.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1976, uligundua kitu ambacho mzazi yeyote anaweza kukipima nyumbani leo. Wanafunzi wa vyuo waliposimulia mechi ambayo timu ya chuo chao ilishinda, walipenda kusema "tumeshinda". Iliposhindwa, walielekea zaidi kusema "wamefungwa". Ushindi wetu, kipigo chao.

Mtu mzima anajua kuingia na kutoka kwenye hiyo "tumeshinda". Mtoto wa miaka tisa au kumi bado hajui. Kwake jezi ni sehemu ya mwili. Timu ikishuka, anahisi ameshuka yeye, tena mbele ya darasa zima.

Neno linapobadilika maana njiani

Kuna maneno ambayo mashabiki hurushiana bila kuyafikiria. "Mmeshuka." "Rudini mlikotoka." Kwa timu iliyopanda msimu uliopita na sasa inarudi Championship, hilo ni tusi la mpira tu, na jioni mnagawana kashata.

Sasa lipeleke neno hilo hilo kwenye uwanja wa shule ya msingi Mishamo. Eneo hili lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wakafyeka msitu, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakazaa na kujukuu hapa. Wakazi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Familia nyingi zinakihifadhi cheti hicho pamoja na vitu vyao vya thamani.

Mtoto wa familia hiyo akiambiwa "rudini mlikotoka", hasikii mpira. Anasikia jambo ambalo bibi yake hulisimulia kwa sauti ya chini. Na aliyemwambia huenda hakukusudia chochote zaidi ya kurudia alichokisikia kwa baba yake kwenye benchi la kahawa.

Mtoto aliyeumizwa hivyo huwa hasemi kwamba ameumizwa. Anasema tumbo linauma asubuhi ya kwenda shule. Anaanza kukojoa kitandani wakati alikwishaacha. Anagombana na wadogo zake, analala vibaya, anaacha kucheza mpira alioupenda. Mzazi anaweza kumpeleka zahanati akapimwa malaria, kipimo kisione kitu, na wala isimjie akilini kuuliza yaliyotokea Jumatatu baada ya mechi.

Hapa mpira wenyewe una mfano mzuri wa kumpa mtoto. Amissi Tambwe, Mrundi, aliongoza kwa mabao Ligi Kuu akiwa Simba msimu wa 2013/14, akahamia Yanga na kuongoza tena msimu wa 2015/16 kwa mabao 21. Saido Ntibazonkiza, Mrundi mwenzake, alicheza Yanga, akapita Geita Gold, akaenda Simba, na msimu wa 2022/23 akamaliza kinara wa mabao sawa na Fiston Mayele, kila mmoja na mabao 17. Pande zote mbili za utani ziliwashangilia, na hakuna aliyewauliza babu zao walitoka wapi.

Jioni ya kipigo nyumbani

Si watoto pekee wanaobeba matokeo ya mechi. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa Munich, Ujerumani, walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu kuliko siku za kawaida, na kwa wanaume zaidi ya mara tatu. Nyingi zilitokea ndani ya saa mbili tangu mpira uanze. Waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio walioathirika zaidi.

Kwa baba mwenye shinikizo la damu, mechi ya kunusurika kushuka daraja ni mzigo halisi. Akiongeza sigara mfululizo, pombe, na kuacha dawa kwa sababu "leo kuna mechi", anajiweka hatarini. Maumivu ya kifua yanayobana, jasho jingi, kukosa pumzi au mkono wa kushoto kuuma si mambo ya kusubiri filimbi ya mwisho. Ni kituo cha afya hapo hapo.

Utafiti mwingine unauma zaidi. Watafiti wa Lancaster, Uingereza, walichunguza taarifa za polisi za ukatili wa majumbani katika mashindano matatu ya Kombe la Dunia, 2002, 2006 na 2010. England iliposhindwa, taarifa ziliongezeka kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare, bado ziliongezeka kwa asilimia 26. Kwa hiyo tatizo halitokani na kufungwa peke yake. Mechi hukutana na pombe, hasira na deni ambavyo vilikuwapo kabla.

Deni ndilo jambo la kuangalia sana Mishamo. Ligi inaisha Mei au Juni, miezi ambayo mavuno yanaingia na tumbaku iko sokoni. Fedha ya mwaka mzima inapita mkononi kwa wiki chache. Ndipo mkeka unaposhawishi: timu fulani lazima ishinde leo maana inakwepa kushuka. Lakini timu inayokwepa kushuka iko mkiani kwa sababu ndiyo iliyozoea kufungwa. Fedha ya sare na madaftari ikiliwa na mkeka, mama anajua kabla hajaambiwa. Anauona mlango unavyofunguliwa usiku.

Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti. Hata hivyo mtoto anayetumwa kibandani na karatasi ya baba, au anayeulizwa "unadhani nani atashinda?" huku simu ikibonyezwa, ameanza kujifunza.

Mzazi afanye nini

Kwanza, sikiliza neno analorudi nalo mtoto. Akitamka Makolo au Utopolo, huo ni utani unaojulikana nchi nzima. Akitaja kabila, asili ya familia, ulemavu au umaskini wa mwenzake, mzuie palepale na umweleze kwa nini. Usicheke kwanza halafu ukamkaripia baadaye, atakumbuka kicheko.

Pili, timu yake ikishuka au ikifungwa, usimwambie "acha ujinga, ni mpira tu". Mwache asikitike siku hiyo. Muulize ni kitu gani kimemuuma zaidi. Mara nyingi utagundua kinachomuogopesha ni kesho shuleni. Mpangieni pamoja jibu fupi atakalowapa wenzake. Akitaka kuvaa jezi yake vilevile, mwache aivae.

Tatu, kama amechekwa kwa asili yake, nenda ukamwone mwalimu wa darasa kwa utulivu, kisha mzazi wa mtoto mwingine. Mambo ya watoto wa kijiji kimoja humalizwa na wazazi wanaosalimiana. Kama mtoto anapigwa au anatishwa, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Nne, kina baba, fedha ya shule na ya matibabu itenganishwe kabla ya mechi, na ibaki mikononi mwa mama au mahali ambapo simu haiifikii. Aliyefungwa arudi nyumbani kwa kuzunguka kidogo, atembee, anywe maji, apoe ndipo apige hodi. Na aliyevuka miaka 40 apime shinikizo la damu hata kama anajiona mzima. Likisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hilo ni la kuanza nalo matibabu.

Utani una sheria yake

Wazee wanajua kwamba utani haukuwa ruhusa ya kumuumiza mtu. Mtani anakutania hadi msibani, lakini ndiye huyo huyo anayechimba kaburi, anayebeba maji na kuni, anayehakikisha wafiwa wamekula. Aliyekucheka bila kuwahi kukusaidia hakuwa mtani wako.

Na katika mpira, kushuka si kufa. Coastal Union iliyozama mwaka 2016 ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mtibwa Sugar ilikaa chini msimu mmoja tu, ikapanda tena ikiwa bingwa wa Championship. Mbeya City, iliyoshuka mwaka 2023, nayo ikarudi.

Hilo ni somo ambalo mtoto aliyefeli mtihani, au aliyerudia darasa, atalielewa haraka kuliko mawaidha. Mwonyeshe msimamo wa ligi, mwonyeshe timu iliyokuwa mkiani na ilipo leo. Halafu mpeleke kijiweni mwenyewe, akae karibu nawe, asikie jinsi watu wazima wanavyobishana mpaka jua linazama juu ya mchezaji aliyekosa penalti, kisha wanapeana mikono na kuulizana habari za shamba.